Msafiri Aliyeketi Mpakani Kobero

Mpaka wa Kobero hauhitaji kutambulishwa kwa askari wetu walio wengi. Wapo waliokaa zamu hapo kwa miaka, na wapo waliopita hapo utotoni wakiwa migongoni mwa mama zao. Wapo pia wanaokumbuka mwaka 2002, malori ya Umoja wa Mataifa yalipoanza kuwarudisha ndugu zetu kutoka kambi za Ngara. Muyinga, ambayo tangu mpango wa mikoa mitano ulipoanza kutumika mwaka 2025 imo ndani ya mkoa wa Buhumuza, ndiyo mlango wetu wa mashariki. Ng'ambo ya kizuizi iko Kabanga, kisha Ngara, Benaco, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, mpaka bahari ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200.

Katika wote wapitao njia hiyo, leo tunamzungumzia mmoja tu: yule asiyeweza kusimama. Husafiri kwa sababu zile zile zinazowasafirisha wengine, yaani biashara, arusi, msiba, masomo. Mara nyingi hufuata matibabu pia, kwa kuwa huko Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili na hospitali ya CCBRT, na huko Moshi kuna hospitali ya KCMC, ambayo pembeni yake mafundi wa viungo bandia wamekuwa wakifunzwa tangu mwaka 1981. Anafika mpakani ameketi, na ataondoka ameketi. Kati ya kufika na kuondoka kwake yuko mikononi mwa watu wa sare, na ndiyo maana tumeona vema kuyaandika haya katika ukurasa unaosomwa na askari na polisi.

Tuanze na jambo la kushukuru. Kobero na Kabanga ni kituo cha pamoja cha mpakani, kwa utaratibu ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki iliutungia sheria mwaka 2016. Atokaye Burundi hasimami Kobero. Huvuka hadi Kabanga, na hapo maofisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja, wetu wakimtoa na wa Tanzania wakimpokea. Ajaye kwetu husimama Kobero tu. Kwa mtu mwenye miguu mizima, utaratibu huu umepunguza usumbufu. Kwa mwenye kiti cha magurudumu umefanya zaidi ya hapo, kwani kila kituo kilichofutwa ni kushushwa mara moja na kupakiwa mara moja kulikoondolewa, na katika kushushwa na kupakiwa ndimo watu hawa wanamoumia.

Hata hivyo, saa za kungoja hazijakwisha. Basi linaweza kukwama nyuma ya malori, orodha ya abiria ikakosewa, ofisa akaenda kutafuta mhuri. Sisi huyaita hayo uchovu wa safari. Yeye tumwiteje ikiwa saa tatu za kungoja zaweza kumlaza kitandani miezi mitatu?

Jibu la swali hilo limo katika historia ya vita, wala si mbali na kazi yetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari aliyevunjwa uti wa mgongo kwa risasi au kombora alihesabiwa kuwa maiti anayepumua. Wengi walikufa katika majuma au miezi michache, na aghalabu si kwa risasi ile. Waliuawa na mambo mawili: vidonda vilivyooza matakoni na mgongoni kwa kulala bila kugeuzwa, na sumu ya mkojo uliokwama kibofuni. Mwezi wa Februari 1944, huko Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alifungua wadi ya askari wa namna hiyo. Alikataa desturi ya kuwaacha wafe. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kibofu kitunzwe kwa usafi mkali. Watu wakaanza kuishi. Dawa ya kwanza ilikuwa nidhamu ya zamu, jambo ambalo askari yeyote analielewa pasipo kufundishwa.

Maadui hao wawili wangalipo hadi leo, na mpakani ndipo wanapopata nafasi. Mtu mwenye hisia kamili hujitikisa kitini mara kwa mara bila hata kujua. Aliyepooza hasikii maumivu ya kukaa, kwa hiyo hana wa kumwonya kwamba nyama iliyobanwa kati ya mfupa na ubao imeanza kufa. Yampasa ajiinue kwa mikono yake kila baada ya dakika chache, na akalie mto uliotengenezwa kwa ajili yake. Mkojo nao una ratiba yake. Wengi hujitoa kwa mpira mwembamba kila baada ya saa nne au sita, wakihitaji maji safi, sabuni na mahali penye mlango. Ratiba hiyo haijui foleni ya forodha. Wengi, wakiogopa kukosa choo cha kuingilia, hukaa siku nzima bila kunywa maji, na kwa kufanya hivyo hujiletea homa ya mkojo ambayo wakati mwingine hufika kwenye figo.

Koplo mmoja mstaafu tulionana naye Gitega, mji wenye Kituo cha Taifa cha viungo bandia na mazoezi ya viungo. Kwa heshima yake hatumtaji jina, wala hatuutaji mpaka aliotusimulia, ambao si lazima uwe huu.

“Afande,” alituambia, “kijana mmoja alinishusha kwa nia njema kabisa. Akaniweka juu ya saruji, kiti changu akakipeleka kukaguliwa. Mto ulikuwa juu ya kiti. Mimi nilikaa pale chini tangu saa nne hadi saa saba.”

“Mzee, kwa nini hukumwita?”

“Nilimwita. Akanijibu, subiri kidogo mzee, tunamaliza. Nami sikusikia uchungu wowote, ningemlalamikia nini? Kesho yake mke wangu ndiye aliyeona damu.”

Kidonda hicho kilimlaza kifudifudi miezi mitatu. Miadi ya hospitali aliyokuwa anaiendea ikapita.

Hatulisemi hili ili ukaguzi uachwe. Lingekuwa shauri la kipumbavu, nasi tungechekwa na wahalifu wa kwanza. Kiti cha magurudumu kina mabomba matupu, mifuko na mto, na kila mlinzi wa forodha ajua maana yake. Huko Kinshasa, walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu walivuka mto Kongo kwa kivuko hadi Brazzaville kwa miaka mingi, wakilipa nauli pungufu na kulegezewa ushuru, hata baiskeli zao zikawa maghala ya kutembea na wafanyabiashara wazima wakawa wanawatafuta wawachukulie mizigo. Sisi hatuoni aibu katika biashara ile. Ililisha nyumba nyingi ambazo hazikuwa na njia nyingine. Lakini kazi ya mlinzi ni kukagua, na akague. Suala ni namna ya kukagua.

Kwanza, mwenyewe aulizwe. Ndiye fundi wa mwili wake na wa kiti chake. Atasema kama aweza kujiinua kwa mikono wakati mto unatazamwa, au kama anahitaji watu wawili wa kumhamisha. Akihamishwa, awekwe juu ya kitu laini, kamwe asiwekwe juu ya saruji, wala juu ya bati au chuma kilichopigwa na jua, kwa kuwa ngozi isiyo na hisia huungua kimya kimya. Mto usidungwe kwa chuma cha kupimia magunia. Mito mingine imejazwa hewa kwa kipimo maalumu, na tundu dogo laiharibu mara moja. Ukirudishwa, urudishwe vile vile ulivyokuwa, mbele ikae mbele. Kiti kisiinuliwe kwa kushika mahali pa kuwekea mikono wala miguu, maana sehemu hizo nyingi huchomoka na mtu akaanguka. Kishikwe kwenye fremu yenyewe. Mwanamke akaguliwe na mwanamke, ndani ya chumba. Mipira ya mkojo iliyomo katika vifuko vilivyofungwa isifunguliwe mmoja mmoja kwa vidole vya aliyekuwa akishika noti na matairi.

Lipo jambo jingine ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko yote, kwa sababu mafunzo yetu wenyewe yaweza kutupotosha. Tulifundishwa kumtilia shaka msafiri anayetokwa na jasho usoni, ambaye uso umemwiva, anayehangaika na kushindwa kujibu. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu, kuanzia usawa wa kifua kwenda shingoni, alama hizo hizo zaweza kuwa na maana tofauti kabisa. Kibofu kikijaa, au mpira ukijikunja, mwili wake hupandisha shinikizo la damu ghafla. Kichwa humgonga kama ngoma, jasho humtoka juu ya mahali alipoumia, macho huona ukungu. Asiposaidiwa upesi aweza kupasuka mshipa wa kichwa akafa. Askari amwonapo hivyo asimlaze chini, kwani kumlaza huzidisha shinikizo. Amweke wima, amlegezee mkanda na nguo za kubana, aangalie kama mpira umekunjwa au mfuko umejaa, aite mganga. Mahojiano yatafuata baadaye, kama bado yatahitajika. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, jua likiwa kali, huenda asitoke jasho hata kidogo chini ya pale alipoumia, na hivyo mwili wake hushindwa kujipoza. Kumwacha ndani ya basi lililozimwa adhuhuri ni hatari.

Msafiri naye ana wajibu wake, na wengi huupuuza. Achukue barua ya daktari inayotaja hali yake, dawa zake na vifaa vyake. Daktari wetu huandika kwa Kifaransa, na ofisa wa Kabanga husoma Kiswahili na Kiingereza. Basi barua iwe katika lugha mbili, la sivyo itakuwa karatasi tu. Dawa za kutuliza maumivu makali zikae katika vifungashio vyake vyenye jina. Mipira ya akiba iwe maradufu ya siku za safari. Gurudumu la akiba au pampu na viraka visisahaulike, kwa sababu barabara ya kwenda Nyakanazi haimhurumii mtu. Na amwambie dereva tangu kituo cha kuondokea kwamba atahitaji kusimama, badala ya kuona haya na kukaa na kiu hadi Dodoma.

Sheria imekwisha kulinena hili. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na Burundi mwaka 2014, unasema katika kifungu cha 18 kwamba mtu asizuiwe kupata hati za safari wala kutumia taratibu za uhamiaji kwa sababu ya ulemavu, na kwamba yu huru kutoka katika nchi yoyote, hata yake mwenyewe. Nchi yetu ikaongeza sheria yake ya tarehe 10 Januari 2018. Lakini meza ya uhamiaji iliyojengwa kwa kimo cha mtu aliyesimama haisomi sheria. Ofisa aliye nyuma yake ndiye anayeweza kutoka na mhuri wake akamfuata msafiri alipo.

Askari kuwasaidia watu hawa si jambo geni. Mashindano ya Guttmann, yaliyoanza tarehe 29 Julai 1948 kwa washiriki 16 waliokuwa wanajeshi, yalipata wageni wa kwanza kutoka ng'ambo mwaka 1952, nao walikuwa askari wa Uholanzi waliovuka bahari na viti vyao. Mwaka 1960 wanamichezo wapatao 400 wa nchi 23 walikwenda Roma. Walipofika walikuta nyumba walizopangiwa zimesimama juu ya nguzo, za kupandwa kwa ngazi. Ikawa kazi ya askari wa Italia kuwapandisha na kuwateremsha mikononi. Kenya na Uganda walifika katika michezo hiyo mwaka 1972 huko Heidelberg, nasi Burundi mwaka 2008 huko Beijing.

Kwa Kobero, upande unaohitaji uangalifu zaidi ni ule wa kurudi. Atokaye Dar es Salaam amekwisha kukaa kitini zaidi ya siku nzima afikapo kwenye kizuizi chetu. Kabla ya pasipoti, aulizwe kama anahitaji maji, choo na mahali pa kujinyoosha. Robo saa ya kulala ubavu yaweza kuokoa ngozi yake. Chumba kimoja chenye mlango, godoro jembamba na ndoo ya maji safi vyatosha kwa kazi hiyo.