Mwanzo wa Shujaa (Sehemu ya Pili): Mirambo na Kalamu ya Mchora Katuni

Kisa cha mwanzo ni sehemu ya hadithi ya shujaa inayoeleza alikotoka: alizaliwa na nani, utotoni alipatwa na nini, na nguvu zake alizipata wapi. Katika vitabu vya katuni sehemu hii haitulii. Superman, aliyebuniwa na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, alitokea katika toleo la kwanza la Action Comics mwaka 1938, na mwanzo wake ulitosha ukurasa mmoja: sayari inaangamia, mtoto mchanga anatiwa chomboni, anaokotwa duniani. Mwaka 1986 John Byrne alikisimulia kisa hicho upya katika The Man of Steel, akawaacha hai wazazi walezi wa shujaa hadi utu uzima wake. Mark Waid alikirudia katika Birthright kuanzia 2003. Mwaka 2010 J. Michael Straczynski na mchoraji Shane Davis walimfanya kijana anayehangaika kutafuta kazi mjini. Mtoto ni yuleyule na sayari ni ileile, lakini kila kizazi kimemuuliza swali lake.

Superman hakuwahi kuishi. Mirambo, mtemi wa Unyamwezi wa karne ya 19, aliishi, na mwanzo wake nao umesimuliwa na kusimuliwa tena.

Yasiyo na mgogoro mkubwa ni haya. Alizaliwa karibu na mwaka 1840 katika utemi mdogo wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Alirithi utemi huo akiwa kijana, akaunganisha nao Ulyankulu na nchi nyingine, akajenga ikulu yake Iselamagazi. Kwa jeshi la ruga-ruga, wapiganaji wake wa kukodiwa, alizishika njia za misafara ya kwenda Ujiji na kaskazini. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora, na Agosti mwaka huo Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wao, aliuawa na sehemu ya mji ikateketezwa. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884 kwa maradhi, na dola yake haikudumu baada yake.

Utoto wake ndio wenye kiza, na msimuliaji wa kwanza aliyesomwa duniani kote hakuwa shahidi mwema. Henry Morton Stanley, msafiri na mwandishi wa habari, alikuwa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, akaingia vitani upande wa Waarabu, akakimbia pamoja nao waliposhindwa. Katika kitabu alichotoa mwaka 1872 alieleza kwamba Mirambo alikuwa zamani pagazi wa Mwarabu, kisha kiongozi wa genge la wanyang'anyi wa porini, na kwamba mtemi wa Uyowa alipofariki aliivamia nchi na kujitawaza kwa nguvu. Katika katuni huo ungekuwa mwanzo wa adui wa shujaa: mtu wa chini, hana nasaba, mwizi wa kiti.

Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo uso kwa uso huko Serombo, wakachanjiana damu na kuwa ndugu. Aliyoyaandika safari hii yanapingana na ya kwanza. Alimwona mtu wa makamo ya miaka 35, mrefu wa sentimita 180 hivi, mpole, mwenye sauti laini, aliyevaa kilemba na joho la Kiarabu na kubeba upanga uliopinda. Mwandishi ni mmoja na anayeandikwa ni mmoja. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza alimwandika aliyemshinda, na mara ya pili alimwandika ndugu wa damu.

Masimulizi ya Kinyamwezi hayaanzi na unyang'anyi. Yanaanza na nasaba. Mirambo ni mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, na jina lake la ujana ni Mtyela. Jina la Mirambo, ambalo wengi hulifasiri kuwa maiti, alilipata vitani. Wengine huongeza kwamba utotoni alitekwa na Wangoni, wale walioitwa Watuta, akajifunza kwao mbinu za vita alizozitumia baadaye. Kisa hiki kinapendeza mno, kwa sababu kina umbo la hadithi ya shujaa: mtoto wa mtemi anachukuliwa, anakulia mikononi mwa adui, anarudi na silaha ya adui. Uzuri huo huo unataka tahadhari. Ruga-ruga wangeweza kujifunza kutoka kwa Watuta bila mtemi wao kuwa mateka, maana pande hizo mbili ziliishi jirani na mara nyingine zilipigana bega kwa bega.

Baada ya uhuru Mirambo alihitajika kwa kazi nyingine. Mwaka 1966 J. B. Kabeya alitoa kwa Kiswahili kitabu chake Mtemi Mirambo, na mwaka 1971 Norman Bennett akatoa wasifu wa kitaalamu kwa Kiingereza. Taifa changa lilikuwa linatafuta wajenzi wa dola waliotangulia ukoloni, na huyu alifaa. Jina lake likapewa mtaa wa Dar es Salaam, na Tabora ikawa na Shule ya Sekondari Milambo, kwa herufi iliyo karibu zaidi na matamshi ya wenyeji. Mtoto wa Ipuli, kata ya Manispaa ya Tabora, huenda akalijua jina hilo kama la shule kabla hajalijua kama la mtu.

Katuni za Kiswahili, kwa upande wake, zimempenda mjanja kuliko shujaa. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Ndumilakuwili wa jarida la Sani na Kingo wa James Gayo wote ni watu wa mtaani wanaoishi kwa akili na vituko. Hata mchora katuni Gado, alipotoa kitabu cha katuni Nairobi mwaka 1996, alimchagua Abunuwasi. Ni utamaduni mzuri, lakini umeiacha historia ya bara bila picha.

Atakayemchora Mirambo atakutana na ugumu ambao waandishi hawaujui. Mwandishi akiwa na shaka huandika "inasemekana" akaendelea na safari yake. Mchoraji hana wino wa "inasemekana". Kijana ama ana mzigo begani ama hana. Ama amefungwa kamba ya mateka ama yuko huru. Dawa ipo, nayo ni kumchora msimuliaji pamoja na kisa: fremu za Stanley ziwe na Stanley ndani yake, amejikunja Kwihara baada ya kukimbia, na fremu za mateka ziwe na mzee anayesimulia kando ya moto.

Mzigo begani unastahili fikra zaidi. Stanley aliandika neno pagazi ili kumdhalilisha. Katika Unyamwezi wa karne ya 19 neno hilo halikuwa tusi. Kijana kubeba pembe hadi pwani na kurudi salama kulikuwa kipimo cha uanaume, na msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, aliliona hilo na kuliandika. Mwana wa mtemi angeweza kusafiri na msafara bila kupoteza heshima, akajua bei ya pembe, baruti na vitambaa kabla hajawatoza hongo, yaani ushuru wa njia, wenye misafara. Kama Mirambo alibeba mzigo kweli, basi kile alichokiona mgeni kuwa aibu ndicho kinachoeleza vizuri zaidi alivyoijua njia aliyokuja kuifunga. Vivyo hivyo joho na kilemba: mchoraji asimvue adui wa Waarabu mavazi ya Kiarabu ili picha ieleweke haraka.

Urambo, katika nchi aliyoitawala Mirambo, iko takriban kilomita 90 magharibi ya Tabora, na reli ya Kigoma inapita hapo. Wachoraji wa Tabora waende huko, na Uyowa, na Ulyankulu, wakawasikilize wazee na kuandika jina la kila aliyesimulia, kabla ya kuchora fremu ya kwanza.