SUMU KATIKA BOMA LAKO: USIACHE MKEBE NYUMBANI



Kila mwenye ng'ombe katika skimu zetu anajua taabu ya kupe. Usipoogesha ng'ombe wako kwa wakati, ndigana itawamaliza, na fedha ya maziwa itapotea. Kwa hiyo wanunua dawa ya kupe, nawe wafanya vyema. Lakini ukumbuke kwamba ile tunayoiita dawa ni sumu. Zamani majosho ya nchi hii yalitiwa aseniki, na kila mtu aliiogopa. Siku hizi dawa ni za namna nyingine, lakini nazo huweza kuua mtu.

Hebu fikiri jambo hili. Jirani yako anakuja kuomba dawa kidogo, kwa sababu ana ng'ombe wawili tu na hana fedha ya kununua mkebe mzima. Wewe ni mtu mwema, wamtilia katika chupa ya soda. Yeye aiweka dirishani mpaka kesho. Jioni mtoto anarudi kutoka shule akiwa na kiu, aiona chupa ya soda, anywa.

Watu wanakimbilia pale. Mmoja asema apewe maziwa, mwingine asema mayai mabichi, wa tatu amtia kidole kooni ili atapike. Saa nzima inapita. Mwishowe wanafika hospitali, na daktari anauliza, "Amekunywa nini?" Wanajibu, "Dawa ya ng'ombe." Daktari anauliza tena, "Dawa ipi?" Hapo hakuna ajuaye. Mkebe uko nyumbani kwako, na katika ile chupa hakuna jina ila jina la soda.

KWA NINI DAKTARI HUULIZA

Labda utasema kwamba sumu ni sumu, na daktari ana dawa ya sumu. Sivyo. Hakuna dawa moja inayotibu sumu zote. Tazama namna mbili za dawa zinazoweza kukaa pamoja katika stoo ya mkulima mmoja.

Namna ya kwanza ni zile ziitwazo organofosfeti. Ziko katika dawa nyingi za kuua wadudu wa mimea, na nyingine ni za kupe. Ili uelewe kazi yake, jua kwamba neva za mwili hutuma amri kwa misuli, moyo, na tezi za mate na jasho. Amri ikiisha kutimizwa, mwili una kitu cha kuizima, kama mtu azimavyo taa. Sumu hii humfunga mikono yule mzima taa. Amri zinaendelea bila kukoma. Mgonjwa anatoka mate, machozi na jasho, anatapika na kuhara, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza. Mapafu yanajaa majimaji, na mwisho pumzi inakatika.

Daktari humtibu kwa sindano ya atropini pamoja na hewa ya oksijeni. Kila baada ya dakika chache huongeza atropini maradufu, mpaka kifua kikauke na moyo upige sawasawa. Mgonjwa mmoja aweza kuhitaji chupa nyingi ndogo za dawa hiyo. Tena jihadhari: baada ya siku moja mpaka nne, mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu huweza kulegea shingo na misuli ya kupumua. Kwa hiyo usimwondoe hospitali kwa sababu tu amekaa kitandani na kuomba chai. Ngoja mpaka daktari aseme.

Namna ya pili ni ile ambayo katika mkebe wake imeandikwa amitraz. Nayo ni ya kupe, na ikichanganywa na maji huwa nyeupe kama maziwa. Aliyeinywa anasinzia kama mlevi, moyo unapiga polepole, mwili unapoa, pumzi inakuwa hafifu. Mboni zake nazo huweza kuwa ndogo kama za yule wa kwanza! Lakini ugonjwa si ule. Sumu hii haina dawa yake maalum. Kazi ya daktari ni kumsaidia kupumua, kuutunza moyo na kumtia joto, na wengi wakitunzwa vizuri huamka baada ya siku moja au mbili. Kumjaza atropini nyingi kama yule wa kwanza kwaweza kumdhuru.

Sasa waona, ndugu. Wagonjwa wawili wanafanana machoni, lakini matibabu ni mbalimbali. Karatasi iliyobandikwa kwenye mkebe yaweza kumwambia daktari kwa dakika moja jambo ambalo angelitafuta kwa saa nyingi.

SUMU NYINGINE ZA NYUMBANI

Mafuta ya taa. Watoto wadogo huyanywa mara kwa mara kwa kuwa yamewekwa katika chupa ya maji. Hatari yake kubwa si tumboni, ni mapafuni. Ukimtapisha mtoto, mafuta yanapanda na kuingia katika njia ya hewa, naye anapata ugonjwa mbaya wa mapafu. Usimtapishe kamwe. Mpeleke hospitali hata kama anacheza, ili atazamwe kwa muda wa saa sita au zaidi.

Dawa ya kuua magugu iliyoandikwa paraquat. Hii ni mbaya kupita zote. Kinywa kinatoka vidonda, figo zinaharibika, kisha kwa siku kadhaa mapafu yanakauka na kuwa magumu. Mpaka leo haijapatikana dawa ya kuiponya kwa hakika, na funda moja laweza kuua. Hata oksijeni, ambayo ni msaada kwa sumu nyingine, huweza kuongeza madhara ya hii, kwa hiyo daktari hujizuia kuitoa mpaka iwe lazima. Hapa tena ni lazima ajue jina.

Sumu ya panya. Nyingi huzuia damu kuganda. Aliyeila huonekana mzima siku ya kwanza na ya pili, kisha damu inaanza kutoka puani, katika ufizi au katika mkojo. Dawa yake ni vitamini K, nayo hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Usingoje uone damu.

SUMU ZISIZO NA MKEBE

Kuna sumu mbili ambazo hukuzinunua, wala hazina karatasi. Ya kwanza ni moshi usioonekana wa jiko la makaa. Katika skimu za nyanda za juu, ambako usiku una baridi kali, watu huingiza jiko ndani na kufunga mlango na madirisha. Hewa ya makaa haina harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na mtu hulala asiamke. Ukiona watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa na kutapika asubuhi, fungua mlango, watoe nje, kisha uwapeleke wapewe oksijeni. Mwambie daktari kwamba walilala na jiko.

Ya pili ni kuvu ya mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mwaka 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Kupika hakuiondoi. Mahindi yenye kuvu usile, usiuze, usipikie watoto uji, wala usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu hupita katika maziwa. Mtu akipata macho ya manjano na kuvimba tumbo, mpeleke hospitali pamoja na konzi ya mahindi anayokula. Hayo mahindi ndiyo mkebe wake.

LA KUFANYA MTU AKIPATA SUMU

1. Mtoe penye sumu. Wewe mwenyewe vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, usije ukawa mgonjwa wa pili.

2. Mvue nguo zote zilizoloa. Sumu nyingi hupita katika ngozi. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, na nywele pia. Ikiingia machoni, mimina maji safi kwa dakika 15.

3. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mayai, mafuta ya kupikia, wala maji ya sabuni. Vitu hivi haviui sumu; humtapisha, na matapishi huingia mapafuni.

4. Akiwa amelegea, mlaze kwa ubavu wa kushoto, kichwa kikielekea chini kidogo, ili matapishi yatoke. Usimlaze chali. Akiacha kupumua, mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze kumsaidia mara moja, baada ya kupangusa sumu usoni na mdomoni mwake.

5. Tafuta gari au pikipiki upesi. Mkaa wa dawa ambao hospitali humpa mgonjwa hufaa zaidi katika saa ya kwanza. Makaa ya jikoni si dawa hiyo.

6. Chukua mkebe wenyewe. Kama umevuja, utie katika mfuko wa plastiki. Mwambie daktari ni saa ngapi alikunywa, na kiasi gani.

Na kama mtu amekunywa sumu kwa kukusudia, kwa ajili ya huzuni au deni, usimfiche kwa kuona haya. Sema kweli hospitali. Kisha akirudi nyumbani, kaa naye na kumsikiliza, na dawa zote zifungiwe mbali naye.

LA KUFANYA KABLA YA MSIBA

Usimimine dawa katika chupa ya soda, ya maji wala ya pombe. Jirani akiomba, nenda naye ukamnyunyizie ng'ombe wake, kisha urudi na mkebe wako. Mkitaka kusaidiana zaidi, nunueni mkebe mmoja kwa shirika, ukae katika boma moja chini ya kufuli.

Tazama ukanda wa rangi chini ya karatasi ya mkebe. Nyekundu ni sumu kali sana, manjano ni kali, buluu ina madhara kiasi, na kijani ni ndogo kuliko hizo. Hata ya kijani si ya kuchezea.

Unapopiga dawa, vaa buti, glavu na nguo ya mikono mirefu. Pampu ikivuja mgongoni, acha kazi, ukaoge. Usile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Mkebe ukiisha, usuuze mara tatu, maji hayo uyatie katika pampu, kisha utoboe mkebe huo. Debe la dawa haliwi debe la maji hata ukiliosha kwa mchanga mwezi mzima.

Basi, ndugu mkulima, jioni ya leo kabla hujalala, chukua taa uingie stoo. Kila chupa usiyoijua jina lake, iondoe mahali watoto wanapofika, uifungie, na umwulize Afisa wa Kilimo namna ya kuitupa. Na kila mkebe wenye karatasi yake, uache nayo. Huenda siku moja karatasi hiyo ikamwokoa mwanao.