Umekosa Tarehe ya Kliniki? Usijikwamishe, Rudi

Mtoto wako alitakiwa kupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9. Siku hiyo palizi ya pamba ilikubana, ukasema utakwenda wiki inayofuata. Wiki ilipofika ukaogopa kugombezwa. Sasa mtoto ana mwaka mmoja na hutaki hata kuiona kadi yake.

Hali hii tunakutana nayo Bariadi na kwingineko Simiyu. Haina maana kwamba humpendi mtoto. Ni kujikwamisha: unajua linalofaa, unalitaka, lakini unalikwepa.

Kwa nini hutokea?

Kila unapoahirisha, hofu hupungua kidogo na moyo hutulia. Ndiyo maana unaahirisha tena. Lakini siku zikiongezeka, aibu nayo huongezeka, na kurudi huwa kugumu zaidi. Wakati huo mtoto hana kinga kamili. Surua huenea haraka kwa njia ya hewa, na inaweza kuleta nimonia, upofu na hata kifo.

Ufanye nini?

- Tambua kinachokuzuia. Kama ni umbali au nauli, hapo hujikwamishi. Una kikwazo cha kweli. Mweleze mhudumu wa afya ngazi ya jamii, umuulize siku ya huduma za mkoba kijijini kwenu. Kama ni hofu au aibu, endelea na hatua zifuatazo.
- Panga siku moja. Usiseme "nikipata nafasi". Uliza siku ya chanjo, kisha weka kadi na khanga tayari usiku uliotangulia.
- Mwambie mtu. Mume, mama mkwe au jirani akijua, atakukumbusha au kukusindikiza.
- Andaa la kusema. "Nimechelewa, naomba tuendelee." Inatosha.

Mtoto aliyechelewa kwa kawaida haanzi upya, anaendelea alipoishia. Chanjo za watoto hutolewa bure katika vituo vya serikali. Hata kadi ikipotea, nenda.

Tafuta msaada zaidi

Ukikosa furaha, usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili au zaidi, zungumza na mtoa huduma. Huenda ni sonona, na inatibika. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae peke yako. Mwite mtu wa karibu, mwende kituoni siku hiyo hiyo.

Dozi ya pili ya surua na rubela hutolewa miezi 18. Itazame kadi leo.