Kununua kompyuta ya okazioni: uliza kwanza tarehe ya mwisho ya mfumo wake

Mashini mbili ziko mezani katika duka moja. Zote ni HP EliteBook 840, zote za rangi ya kijivu, zote zimebandikwa karatasi ndogo ya Core i5. Zote zilifanya kazi kwanza katika ofisi za Ulaya ao Marekani, kisha wafanyabiashara wakazipitisha Dubai ao Kampala mpaka zikafika kwetu. Moja ni G3, nyingine ni G5. Mzazi anayemnunulia mtoto kompyuta ya chuo kikuu anaziona ni ndugu, basi anachukua ile ya bei ya chini.

Lakini tangu tarehe 14 Oktoba 2025, mashini hizo haziko sawa tena. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisimamisha kazi ya kutunza Windows 10, mfumo uliotoka tarehe 29 Julai 2015 na ambao ungali ndani ya kompyuta nyingi zinazouzwa mashariki mwa Kongo. G5, ikiwa na kichakato cha kizazi cha 8, inakubali Windows 11. G3, yenye kichakato cha kizazi cha 6, haikubaliwi. Aliyelipa bei ya chini amenunua mashini ambayo mfumo wake umekwisha, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Nini kinakwisha kweli?

Mfumo ni ile programu kubwa inayowaka kwanza unapobonyeza kitufe, na ambayo inaongoza zingine zote: Word, intaneti, kamera, printa. Windows, macOS ya Apple na Linux ndiyo mifumo inayojulikana zaidi kwenye kompyuta.

Windows 10 kufikia mwisho haina maana kwamba mashini itazima. Itawaka kesho, itafungua kazi zako kama jana. Kinachokwisha ni masasisho ya usalama, yale tunayoita kwa Kifaraansa mise à jour. Kila mwezi wataalamu wanagundua matundu ndani ya mifumo, na watengenezaji wanaziba. Mfumo usiotunzwa tena, matundu yake yanabaki wazi, na wezi wa mitandaoni wanayajua.

Mfano mkubwa ni wa Mei 2017. Virusi inayoitwa WannaCry ilifunga kompyuta zaidi ya 200.000 katika inchi karibu 150 na kudai malipo ili kuzifungua. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Lakini Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu hilo Machi mwaka huo, miezi miwili mbele. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuweka masasisho.

Hapa kwetu hatari haipitie tu kwenye intaneti. Nilipokuwa naandika kazi ya mwisho wa masomo, nilipeleka flash yangu kwenye secrétariat public kuchapisha sura mbili za mwisho. Niliporudi nyumbani, kila faili ilikuwa imegeuka kuwa alama ndogo yenye mshale, na hakuna iliyofunguka. Nilibakiwa na siku nne kabla ya kuweka kazi. Nililia. Rafiki mmoja akachomeka flash ile kwenye mashini yake iliyokuwa na Linux, na kurasa zangu zote zikaonekana pale: virusi ilikuwa imezificha tu, na ilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Tangu siku hiyo najua kwamba mfumo wa kompyuta siyo mambo ya mafundi peke yao.

Soma namba, usisome rangi

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 na masharti magumu kuliko yale ya zamani. Inadai RAM ya giga 4 na nafasi ya giga 64, jambo ambalo si shida. Shida ni mawili mengine: kitu cha usalama ndani ya mashini kinachoitwa TPM 2.0, na kichakato ambacho, kwa Intel, kwa kawaida kinaanzia kizazi cha 8, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017.

Muuzaji akikuambia « ni i5 », bado hajakuambia kitu. Kuna i5 za tangu zaidi ya miaka kumi. Uliza namba inayofuata. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-7300U ni cha 7. i5-8350U ni cha 8. i5-1135G7 ni cha 11. Hata jina la G5 ao la ThinkPad T480 halitoshi, kwa sababu baadhi yake zilitoka kiwandani na kichakato cha kizazi cha 7.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika mbili. Bonyeza pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika msinfo32, na utaona jina lote la kichakato. Rudia, andika tpm.msc, na utaona kama kuna toleo 2.0. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 kuingia katika mashini ya zamani. Inawezekana, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashini za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho. Kwa hiyo kuona Windows 11 kwenye kioo siyo ushuhuda kwamba mashini inaistahili.

Njia nne mbele ya mnunuzi

Ya kwanza ni kubaki na Windows, kwa mashini inayokubali Windows 11. Ni njia ya yule ambaye kazi yake inadai programu za Windows: mhasibu wa Sage, fundi wa majengo anayechora na AutoCAD, katibu ambaye mkubwa wake anamtumia Excel zenye makro. Kwao kuokoa dola kidogo kwa kununua mashini ya kizazi cha 6 ni hasara. Aliyekwisha kuwa na Windows 10 anaweza kujiandikisha katika mpango wa nyongeza ambao Microsoft iliweka kwa watu binafsi, unaoendelea hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujitayarisha tu.

Ya pili ni Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, na leo iko chini ya simu zote za Android. Haiuzwi. Moja ya aina zake zinazojulikana sana, Ubuntu, ilitoka mwaka 2004 kwa mpango wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kibantu ambalo sisi tunasema « utu ». Nyingine, Linux Mint, inafanana na Windows kwa sura na haimsumbui anayeanza. Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 zitatunzwa hadi mwaka 2029, na zinatembea vizuri kwenye ile G3 iliyokataliwa na Windows 11.

Mwanafunzi anayeandika, anayesoma PDF na kutafuta kwenye intaneti, hatakosa kitu. Mtafiti wa shirika anayetumia KoboToolbox, QGIS ao R atazipata zote. Lakini Word ya Microsoft haiingie humo. Badala yake kuna LibreOffice, inayofungua faili za Word, ila mara nyingine inasogeza meza na namba za kurasa. Dawa yake ni rahisi: geuza kazi yako kuwa PDF kabla ya kuipeleka kuchapisha. Photoshop na Sage pia hazimo. Anayezihitaji asidanganywe.

Uzuri wa Linux ni kwamba unaijaribu bila kufuta chochote. Fundi anaiweka kwenye flash ya giga 8, mashini inawaka kutoka flash, na wewe unaangalia kama Wi-Fi, sauti na printa vinakubali. Usipoipenda, unachomoa flash na Windows yako iko pale pale.

Ya tatu ni Mac. Tangu Novemba 2020 Apple inaweka vichakato vyake yenyewe, vilivyoanza na M1, na batri yake ni msaada mkubwa pale umeme unapokatika kila siku: kwa MacBook Air M1, Apple inatangaza saa 18 za kutazama video. Lakini MacBook za bei ya chini madukani ni zile za zamani zenye Intel. macOS Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kuzipokea, na hata hiyo inachukua chache tu kati yake. Pia, kwenye MacBook za M1 na zilizofuata, RAM haiongezeki baada ya kununua. Na kama mwenye mashini wa kwanza hakutoa akaunti yake, inaweza kubaki imefungwa na hakuna fundi wa kweli wa kuifungua. Mwambie muuzaji aifute yote na aiwashe upya mbele yako, ikiwa kwenye intaneti.

Ya ine ni Chromebook ya Google. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo, lakini kazi yake kubwa inapitia kwenye intaneti, na kila moja ina tarehe yake ya mwisho ya masasisho. Kwa mtu anayenunua mega kila siku, si chaguo la kwanza. Zilizotoka mashuleni Marekani zinaweza kuwa zingali zimefungwa na shule.

Kabla ya kutoa makuta

Mfumo mzuri hauponyeshe mashini mbaya. Angalia kwanza diski: yenye SSD, hata ya giga 256, itakufurahisha kuliko yenye diski ya zamani ya kuzunguka, hata ya giga 1000. RAM iwe giga 8 ukiweza. Uliza kama kuna nafasi ya kuongeza.

Pima batri. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na utapata karatasi inayoonyesha nguvu batri ilizokuwa nazo mwanzoni na zilizobaki. Ikiwa imebaki nusu, punguza bei. ThinkPad T480 ina batri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, na hiyo ya kuchomoa unaibadilisha bila kufungua mashini.

Angalia klavye. Sisi tulizoea AZERTY ya Kifaransa, lakini mashini za Uingereza, Marekani na Dubai zinakuja na QWERTY. Kubadili ndani ya mfumo ni bure, lakini herufi unazoziona kwenye vitufe hazitafuata, na kuandika é na ç katika kurasa 60 kutakuchosha.

Jihadhari na Windows iliyofunguliwa kwa programu za wizi. Fundi anayekuambia zima antivirusi kwanza ili « kraki » ipite, anakuomba umfungulie mlango mtu usiyemjua. Linux inakupa mfumo halali bila kulipa.

Na mashini yoyote utakayochukua, kazi yako iwe mahali pawili: kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje ao mtandaoni. Flash unayopeleka kuchapisha isiwe nakala yako pekee.

Turudi kwenye zile EliteBook mbili. G3 siyo mashini ya kutupa. Yenye SSD na Linux, inaweza kumfikisha mwanafunzi hadi mwisho wa masomo yake, na bei yake ya chini itakuwa ya haki. Yenye Windows 10 na mtu anayeamini itamfaa kwa miaka mitano ya uhasibu, ni deni linalokuja. Andika kwanza kwenye karatasi programu tatu ambazo kazi yako haiwezi kukosa. Kisha nenda dukani na karatasi hiyo mkononi, uliza namba ya kichakato, uliza mfumo huu utatunzwa hadi lini. Bei inakuja nyuma ya hayo.