Tangazo la Kazini Liandikwe Likasomeka

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mwenye ulemavu wa akili akipata nafasi hiyo, anaweza kuimudu kazi vizuri na bado akakwamishwa na karatasi iliyobandikwa ukutani.

Chukua tangazo la stoo ya usafi hotelini: “Wafanyakazi wanakumbushwa kuwa uchanganyaji wa kemikali zisizooana hauruhusiwi, na vifaa vya kinga sharti vivaliwe kabla ya matumizi.” Amri mbili zimebanwa katika sentensi moja, inayotangulia kutekelezwa imewekwa mwisho, na hakuna kifaa wala dawa iliyotajwa kwa jina. Liandikwe hivi:

Vaa glovu.
Fungua dirisha.
Tumia dawa moja tu.
Usichanganye jiki na dawa ya choo.
Ukichanganya, inatoka hewa ya sumu.

Hatari yenyewe ni ya kweli: jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Kwa hiyo tangazo linaloeleweka linamlinda kila anayeingia stoo, mwenye ulemavu na asiye nao.

Kuhusu uandishi rahisi kusomeka, mwongozo wa Inclusion Europe, muungano wa vyama vya watu wenye ulemavu wa akili na familia zao barani Ulaya, unashauri herufi za ukubwa usiopungua 14, kila sentensi ianze mstari mpya, na neno lisikatwe mwisho wa mstari. Unasisitiza pia kwamba wahusika wenyewe washirikishwe katika uandishi. Ukiweka picha, iwe ya dumu lilelile lililopo stoo. Vikatuni vya chekechea vinamvunjia heshima mtu mzima.

Kisha pima. Ukimuuliza mfanyakazi, “Umeelewa?” utajibiwa, “Ndiyo, bosi,” kwa adabu tu. Sema, “Hebu nionyeshe unavyofanya.” Akikwama, rekebisha maandishi, umpe tena.

Baada ya matangazo, geukia mkataba wa ajira: mshahara, saa za kazi, likizo, mahali pa kupeleka malalamiko. Anayetia sahihi ana haki ya kujua anakubali nini.