Kabla hujatuma pesa, uliza simu imetoka nchi gani

Mwaka juzi niliitwa kupiga picha kwenye mazishi ya nyanyake rafiki yangu kule Murang'a. Si kazi kubwa, elfu tatu na nauli. Kamera sina, lakini nilikuwa na Samsung Galaxy S21 niliyoinunua wiki mbili kabla, huku chini mjini, kwenye mojawapo ya vile viduka vya kioo ambapo watu watano hugawana mlango mmoja. Pasta akasema tufumbe macho tuombe. Nikamwona shangazi mmoja amemshika mjukuu mkono, mwanga umeanguka vizuri sana. Nikabonyeza.

KACHA!

Watu wote wakafungua macho. Nilikuwa nimezima sauti, naapa. Nilikuwa nimezima hadi mtetemo. Baadaye nikajaribu tena nikiwa nimejificha kando ya migomba: kacha. Jioni kwenye matatu nilipekua Settings yote, sikupata pahali pa kuzima mlio wa kamera. Simu yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa tu Mkorea.

Muuzaji aliniambia ni "ex-UK". Kama umewahi kununua simu iliyotumika Nairobi, unalijua hilo neno. Ni kama "haijapigwa rangi" kwa gari. Linasemwa haraka, huku mtu anakusafishia kioo na shati lake, na wewe unaitikia kichwa kwa sababu tayari umeipenda. Nilitoa 27,000. Nilipofika nyumbani kutoka mazishini ndipo nikaangalia namba ya modeli kwa mara ya kwanza: SM-G991N. Hiyo N ya mwisho ndiyo iliyoniaibisha mbele ya wafiwa.

Huko Korea Kusini, watengenezaji simu walikubaliana mwaka wa 2004 kwamba kamera ya simu lazima ilie, ili mtu asipige wanawake picha kisirisiri kwenye treni. Sababu nzuri. Shida ni kwamba mimi sikuwa kwenye treni ya Seoul.

Sasa sikiza. "Galaxy S21" ni jina la tangazo tu. Simu yenyewe inajulikana kwa ile namba, na herufi ya mwisho ndiyo inakwambia ilitengenezewa soko gani. SM-G991B ndiyo iliyouzwa Ulaya, Afrika na sehemu nyingine nyingi za dunia. SM-G991U ni ya Marekani na iliuzwa kupitia kampuni za mitandao za huko. U1 pia ni ya Marekani lakini haikufungwa na mtandao wowote. W ni Kanada, N ni Korea, na ukiona sifuri mwishoni ni China au Hong Kong. Hata prosesa si moja: ya B na ya N ni Exynos 2100 ya Samsung wenyewe, ya U na W ni Snapdragon 888. Jina moja, umbo moja, vitu tofauti ndani.

Kuiona ni sekunde kumi: ingia Settings, teremka hadi "About phone". Ukiwa hapo hapo, fungua "Software information" utafute mstari wa "Service provider software version". Ni msururu mrefu wa herufi unaochosha macho, lakini ndani yake kuna herufi tatu tatu zinazorudiwa. XSG ni Imarati, BTU ni Uingereza, XAA ni Marekani, KOO ni Korea. Fundi akiwa na kompyuta anaweza kubadilisha hizi herufi tatu, kwa hivyo zilinganishe na ile namba ya modeli. Kama moja inasema Uingereza na nyingine inasema Korea, kuna mtu amepitia hapo kabla yako.

Tuje kwa iPhone, maana najua wengi wenu ndiyo mnaitafuta. Ingia Settings, General, About. Utaona "Model Number" yenye mkwaju karibu na mwisho, kitu kama M-fulani-LL/A. Herufi zilizo mbele ya mkwaju ndizo nchi: LL Marekani, B Uingereza, J Japani, KH Korea, CH China, ZP Hong Kong, HN India. Lakini usikimbilie huko kabla hujasoma herufi ya kwanza kabisa. M maana yake iliuzwa ikiwa mpya. F ilifanyiwa ukarabati na Apple kisha ikauzwa tena. N ilitolewa kama mbadala wa simu iliyoharibika. P iliandikwa jina la mtu mgongoni. Kwa hivyo mtu akikuambia "hii ni mpya, haijawahi kuguswa" na inaanza na F, mtabasamulie tu uondoke.

Ukigusa hiyo namba itabadilika iwe A na tarakimu nne. Chukua iPhone 14: A2649 ni ya Marekani, A2884 ni ya China na Hong Kong, A2882 ni ya nchi nyingi zilizobaki. Hii si habari ya kujionyesha. iPhone 14 ya Marekani haina kitundu cha laini kabisa, ni eSIM pekee. Ile ya China nayo inaingiza laini mbili za kawaida. Ukinunua ya Marekani itabidi uhamishe laini yako iwe eSIM, jambo ambalo linawezekana hapa, lakini siku simu ikizima chaji huwezi kuchomoa laini ukaiweka kwenye kabambe upokee M-Pesa. Na usidhani Dubai ni salama. iPhone 17 zilizotoka 2025 kwa soko la Imarati na Saudia pia hazina kitundu, sawa na za Japani, Kanada na Meksiko.

Kuna dalili nyingine inayoonekana bila hata kuwasha simu. iPhone 12 hadi 15 za Marekani zina alama kama kidonge kwenye ubavu wa kulia, chini ya kitufe cha kuwasha. Hapo ndipo inapopitia 5G ya kasi ambayo Marekani inayo na sisi hatuna. Ukiiona kwenye simu ya "ex-UK", uliza imefikaje London.

Lakini kinachouma zaidi si kitundu wala kidonge. Ni kufuli.

Binamu yangu anauza nguo za mitumba mtandaoni kutoka Umoja. Alitumia pesa ya chama, zamu yake ilipofika, kununua iPhone 11. Miezi minne ilifanya kazi fiti. Siku moja ikamwomba apdeti, akakubali usiku akalala. Asubuhi hakuna mtandao. Hakuna simu, hakuna meseji za M-Pesa, wateja wanampigia wanaambiwa hapatikani. Kumbe simu ilikuwa imefungwa na mtandao wa Marekani, na muuzaji alikuwa amepenyeza chipu nyembamba kama karatasi chini ya laini, inayoidanganya simu kwamba bado iko kwao. Apdeti ikagundua uongo. Fundi akatafuta chipu nyingine, ikashika wiki tatu, ikakata tena. Sasa hiyo simu ni ya kuangalia TikTok kwa wifi ya jirani, na chama hakirudishi pesa.

Angeepuka hayo yote kwa kutazama mstari mmoja. Kwenye huo huo ukurasa wa About, teremka hadi "Carrier Lock". Inatakiwa iseme "No SIM restrictions". Ikisema kitu kingine chochote, weka pesa mfukoni. Halafu chomoa trei mwenyewe, kwa mkono wako, uone kama kuna kikaratasi chini ya laini. Muuzaji akikasirika kwa sababu umechomoa trei, umeshapata jibu.

Xiaomi na Redmi zina mambo yao. Kwenye namba ya programu, ile ndefu ya MIUI, tafuta herufi karibu na mwisho: MI ni toleo la dunia, CN ni China, IN ni India, EU ni Ulaya. Za China ni rahisi kwa bei, lakini nyingi hazina bendi ya 20, yaani 4G ya megahezi 800. Mitandao yetu hutumia hiyo 800 pamoja na 1800. Ukiwa Kilimani huwezi kujua, kwa sababu 1800 iko kila kona. Nenda ushago Krismasi, ambako minara iko mbali na 800 ndiyo inafika, uone wenzako wanatazama mpira huku wewe unazungushiwa kile kiduara.

Na tafadhali acha kusambaza ile meseji ya WhatsApp inayosema ubonyeze *#06# kisha utazame tarakimu ya saba na ya nane za IMEI ujue simu ni ya nchi gani. Zamani tarakimu hizo zilionyesha kiwanda, lakini mpango huo uliachwa tangu 2004. *#06# bonyeza, ndiyo, lakini ni ya kulinganisha IMEI iliyo ndani ya simu na ile ya kwenye boksi. Pia, "Assembled in China" nyuma ya iPhone haimaanishi ni toleo la China. Kuunganishwa mahali na kuuzwa mahali ni vitu viwili.

Sisemi simu ya nje ni mbaya. Ukijua ni ya Korea na mlio haukusumbui, chukua. Ukijua ni U ya Marekani, haina kufuli, na bei imeshuka kwa sababu hiyo, hongera. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo usinihesabu kama mtaalamu, lakini siku hizi kabla sijapanda matatu kwenda kuona simu yoyote, namwambia muuzaji anitumie skrinshoti ya ukurasa wa About. Wengine hutuma papo hapo. Wengine huniambia betri imeisha, na hao siendi.

Ile S21 niliirudisha dukani. Jamaa alinitazama akaniuliza, "Lakini si inapiga picha?" Nikaitangaza mtandaoni, nikaandika wazi: toleo la Korea, kamera inalia, haizimiki. Ikakaa siku tisa bila mtu. Kisha akaja mwalimu wa chekechea kutoka Kayole, akaijaribu mara tatu, akacheka. Alisema watoto wake hawaangaliagi kamera mpaka wasikie kitu. Akanipa 21,500.