Gari Likichemsha, Uliza Kwanza Maji Yanakwenda Wapi

Ndugu msomaji, huenda nawe ni mmoja wa wafanyakazi waliodunduliza miaka mingi hata wakapata gari kuukuu la kuwafaa nyumbani. Siku moja mnakwenda msibani Iringa. Mmeipita Ruaha Mbuyuni salama, mnaukwea mlima Kitonga nyuma ya lori lililoshehena, mara mshale wa geji ya joto unaanza kupanda. Punde mvuke unafuka chini ya boneti. Utafanya nini?

Mshale ukianza kupanda tu, zima kiyoyozi na ufungulie hita mpaka mwisho, hata abiria wakitokwa jasho, kwani hita huchota joto katika maji ya injini. Ukifika kwenye alama nyekundu, egesha pembeni mahali pa salama na kuzima injini. Usijidanganye kwamba kituo ki karibu. Silinda hedi ikizidiwa na joto hupinda, gasketi yake huungua, na tatizo la mpira wa bei ndogo huweza kumeza mishahara ya miezi kadhaa.

Tena, waweke watoto mbali, na usiguse kifuniko cha rejeta. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi pwani, na kwenye miinuko ya Iringa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko huyabana yasichemke hata yakikaribia nyuzi 120. Ukikifungua yangali ya moto, yatakurukia usoni kwa kishindo. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kukuunguza. Wala usiimwagie injini maji baridi, kwani chuma cha moto huweza kupasuka.

Mkisharejea nyumbani, usikimbilie kununua vipuri. Jiulize kwanza: gari huchemsha wakati gani? Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabara ikifunguka, shuku feni, au mkanda wake uliolegea. Likichemsha kwenye mwendo mrefu na milima, huenda vijia vya rejeta vimezibwa na kutu. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, na maji yamo tele, huenda themostati imekwama ikiwa imefunga.

Swali la pili: maji yanakwenda wapi? Usiku tandika magazeti ya zamani chini ya injini, asubuhi utazame. Madoa yakiwa mbele kabisa, kagua rejeta, mipira yake na klipu zake. Yakiwa upande wa mikanda, tazama pampu ya maji. Zulia la ndani, miguuni pa abiria wa mbele, likilowa maji yenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Lakini ikiwa magazeti yamekauka na maji yanapungua kila siku, hapo pana hatari zaidi. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake, na gari lisiwashwe tena. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, au mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta, nayo ni dalili za gasketi iliyoungua.

Sasa nenda kwa fundi ukamweleze uliyoyaona. Akitaka kuing'oa themostati na kuitupa, mkatalie kwa adabu. Bila hiyo, injini hukawia kupata joto lake, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Katika baadhi ya injini, maji huanza kuzunguka pasipo kupita kwenye rejeta, na gari likazidi kuchemsha. Unga wa kuziba nyufa nao ni wa kukufikisha nyumbani tu, kwani huweza kuziba hata vijia vizima. Rejeta ya shaba huweza kulehemiwa vizuri na fundi stadi. Yenye matangi ya plastiki, tangi likipasuka, kwa kawaida ni kubadilisha.

Mwisho, maji ya chumvi ya visima vya pwani hulisha kutu. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Na kila Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi, baba, mama au kijana mkubwa na akague maji na oili. Ni kazi ya dakika tano. Wahenga walikwisha tuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa injini, ndugu msomaji, hujengwa kwa fedha ya karo na ya chakula cha watoto.